Programu moja nyeusi, nyingine nyeupe: namna ya kusawazisha sura ya Linux yako

Swali huja kwa nguo tofauti lakini ni lilelile. "Nimewasha rangi nyeusi, mbona VLC bado inaniumiza macho?" "Kishale kinavimba nikikipeleka kwenye dirisha fulani, nikikitoa kinasinyaa." "Nimepakua mandhari (theme) kali sana, nusu ya programu zimetii na nusu zimegoma." Nimejibu mtu mmojammoja hadi nikawa nanakili majibu yangu mwenyewe, kwa hiyo leo nayaweka yote hapa. Ukiniuliza tena, nitakutumia maandishi haya.

Kwanza tukubaliane jambo moja. Hutaweza kuzifanya programu zote zifanane kama pacha. Unachoweza kupata ni rangi ya jumla (nyeusi au nyeupe), aikoni, kishale na fonti zikubaliane. Umbo la vitufe, mahali menyu inapokaa na upana wa kichwa cha dirisha vitaendelea kutofautiana, kama vikombe vya seti mbili kwenye sinia moja. Ukilazimisha zaidi ya hapo utapoteza Jumamosi nzima, kisha sasisho la mwezi ujao litabomoa kazi yako.

Chanzo cha vurugu, kwa ufupi

Kwa kawaida programu haijichorei vitufe vyake. Inatumia tulkiti, yaani maktaba ya msimbo inayochora vitufe, menyu na madirisha. Kwenye Linux kuna familia mbili kubwa. Oktoba 1996 Matthias Ettrich alitangaza mradi wa KDE, eneokazi (mazingira ya madirisha, menyu na mipangilio) la Linux, akaujenga juu ya Qt ya kampuni ya Trolltech ya Norwe. Leseni ya Qt wakati ule haikuwa huru kikamilifu, na hilo liliwakera wengi. Agosti 1997 ukaanzishwa mradi wa GNOME, eneokazi shindani, ukachukua GTK, tulkiti iliyozaliwa kwa ajili ya programu ya picha ya GIMP. Ugomvi wa leseni ulikwisha zamani, ila nyumba zilibaki mbili.

Ndani ya kila nyumba kuna vizazi pia: GTK3 ya 2011, GTK4 ya Desemba 2020, Qt5, Qt6. GIMP yenyewe, iliyoipa GTK jina, ilibaki kwenye GTK2 hadi toleo la 3.0 lilipotoka Machi 2025, na hapo ikahamia GTK3 wakati wenzake walikwisha kwenda GTK4. Mpishi ndiye anayekula wa mwisho.

Kuna ugomvi wa pili ambao ndio unaokugusa wewe. Mwaka 2019 kundi la watengenezaji wa programu za GTK waliandika barua ya wazi kuziomba distro (Linux zilizofungashwa tayari, kama Ubuntu na Fedora) ziache kubadilisha sura ya programu zao kwa chaguo-msingi. Walieleza kwamba mandhari za distro huvunja programu, maandishi hupotea, aikoni hubadilika maana, na lawama huwaangukia wao. Hawakumkataza mtu kuchezea kompyuta yake mwenyewe. Mwishoni mwa 2021 ikatoka libadwaita 1.0, maktaba inayokaa juu ya GTK4 na kubeba sura yake ndani yake. Programu iliyojengwa kwayo haisikilizi mandhari ya GTK uliyoichagua. Ndiyo maana ile "nusu imegoma".

Wako waliokubali na wako waliokataa. Watu wa Linux Mint walipotoa Mint 22 mwaka 2024 walizirudisha baadhi ya programu kwenye matoleo ya GTK3, na mwaka uliofuata wakatengeneza libAdapta, yaani libadwaita iliyofunguliwa mlango wa mandhari. Mimi naona pande zote mbili zina hoja. Nimewahi kuona kitufe cha kufuta chenye rangi ileile ya kitufe cha kuhifadhi kwa sababu ya mandhari ya mtu. Lakini pia kompyuta ni yangu.

Nadharia inaishia hapo.

Andaa haya kabla ya kuanza

- Akaunti yenye ruhusa ya `sudo`, yaani ya kuendesha amri kama msimamizi.
- Terminali, yaani dirisha la kuandikia amri. Hakuna amri ngumu, ila usiinakili amri usiyoielewa kazi yake.
- Bando la kutosha, hasa kama unatumia Flatpak (njia ya kusakinisha programu ikiwa imefungashwa na vyote inavyohitaji). Nitaeleza sababu kwenye hatua ya 7.
- Nusu saa bila haraka. Utatoka na kuingia kwenye akaunti mara mbili au tatu, kwa hiyo hifadhi kazi zako zote.

Hatua

1. Jua uko wapi. Fungua terminali uandike:

`echo $XDG_CURRENT_DESKTOP $XDG_SESSION_TYPE`

Jibu litakuwa kama `ubuntu:GNOME wayland`, `KDE wayland` au `XFCE x11`. Liandike mahali. Wengi hunijia wakisema "natumia Ubuntu", kumbe ni Kubuntu, na tunapoteza saa nzima tukifuata maelekezo ya GNOME kwenye KDE.

2. Jua programu inayokusumbua ni ya familia gani. Kwa programu ya kawaida:

`ldd $(which qbittorrent) | grep -Ei 'gtk|qt|adwaita'`

Ukiona `libgtk-3` ni GTK3. Ukiona `libadwaita-1` ni ile isiyosikiliza mandhari. `libQt5` na `libQt6` zinajieleza. Amri hii haikusaidii kwa programu zilizoandikwa kwa Python au zinazoanzishwa na skripti. Huko jibu litakuwa tupu. Kwa zile za Flatpak tumia:

`flatpak list --app --columns=application,runtime`

Penye `org.gnome.Platform` ni GTK, penye `org.kde.Platform` ni Qt.

Baadhi nakutajia bure: Inkscape ni GTK3, VLC, Krita, OBS, Kdenlive na qBittorrent ni Qt. LibreOffice ina mfumo wake unaovaa nguo za mwenyeji, yaani eneokazi unalotumia. Audacity 3 inatumia wxWidgets, tulkiti nyingine. Telegram imejengwa kwa Qt lakini inajichorea kila kitu, kwa hiyo ibadilishie rangi ndani ya mipangilio yake na usipoteze muda nayo.

3. Chagua nyumba moja iwe mwenyeji. Hesabu programu unazozifungua kila siku. Kama nyingi ni Qt na unatumia GNOME, jiulize kama Plasma, eneokazi la KDE, isingekufaa zaidi. Hili ndilo watu hawataki kulisikia, lakini kuhamia eneokazi linalolingana na programu zako ni rahisi kuliko kupigana na sura zao maisha yote. Kwa uzoefu wangu, Plasma huwapokea wageni wa GTK vizuri kuliko GNOME inavyowapokea wageni wa Qt.

4. Weka akiba. Usiruke hatua hii.

`mkdir ~/akiba-sura`
`cp -r ~/.config/gtk-3.0 ~/.config/gtk-4.0 ~/akiba-sura/`

Ikilalamika kwamba folda haipo, usijali. Maana yake hakuna cha kuhifadhi. Kwenye GNOME ongeza:

`dconf dump /org/gnome/desktop/interface/ > ~/akiba-sura/interface.ini`

Siku ukitaka kurudi ulikotoka: `dconf load /org/gnome/desktop/interface/ < ~/akiba-sura/interface.ini`.

5. Washa weusi kwa swichi sahihi. Makosa mengi huanzia hapa. Mtu huchagua mandhari yenye neno "dark" kwenye jina akidhani amemaliza. Siku hizi kuna swichi ya pamoja ambayo programu za familia zote mbili, vivinjari na Flatpak huweza kuisoma. Kwenye GNOME:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface color-scheme 'prefer-dark'`

Kwenye Plasma, chagua rangi za Breeze Dark ndani ya System Settings. Plasma itazitangazia programu nyingine yenyewe. Programu za libadwaita hutii swichi hii hata zinapokuwa ndani ya KDE. Kuanzia GNOME 47 unaweza pia kuchagua rangi ya mkazo (ile inayoonyesha kilichochaguliwa) kati ya tisa, na libadwaita mpya huisoma rangi ya mkazo kutoka Plasma pia. Fanya hatua hii, toka kwenye akaunti, ingia upya, kisha angalia nini bado kimegoma. Kwa watu wengi tatizo hupungua kwa zaidi ya nusu hapahapa.

6. Wavike wageni. Soma sehemu inayokuhusu tu.

*Uko GNOME.* Programu za GTK3 zinahitaji mandhari inayoiga libadwaita, nayo ni adw-gtk3. Kwenye Fedora:

`sudo dnf install adw-gtk3-theme`

Kwenye Arch ni `sudo pacman -S adw-gtk-theme`. Kisha:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface gtk-theme 'adw-gtk3-dark'`

Kwenye Ubuntu ruka kipande hiki. Mandhari ya Yaru inayokuja nayo imeshashughulikia GTK3 na GTK4 pamoja.

Sasa Qt. Sakinisha vifaa viwili vya kuisimamia:

`sudo apt install qt5ct qt6ct`

Kisha tengeneza kigeu cha mazingira, yaani jina lenye thamani ambalo programu hulisoma zinapoanza:

`mkdir -p ~/.config/environment.d`
`echo 'QT_QPA_PLATFORMTHEME=qt5ct' > ~/.config/environment.d/qt.conf`

Jina `qt5ct` linatosha kwa vizazi vyote viwili. Qt6ct nayo hulitambua. Toka, ingia upya, fungua qt5ct. Chagua mtindo wa Fusion, kwenye rangi chagua Custom kisha `darker`, na kwenye kichupo cha aikoni chagua zilezile unazotumia GNOME. Bonyeza Apply. Rudia yote ndani ya qt6ct, maana kila moja ina faili lake. Watu husahau hiyo ya pili kisha wanasema mwongozo haufanyi kazi.

Hapohapo kwenye qt5ct kuna sehemu ya Standard dialogs. Ukiweka XDG Desktop Portal, dirisha la kufungua faili litakuwa lile la GNOME. Kwangu hili ndilo linalopendeza kuliko yote, kwa sababu dirisha la kufungua faili unakutana nalo kila siku.

Ukitaka urembo zaidi kuna Kvantum, mtindo mwingine wa Qt wenye mandhari zake. Tafuta kifurushi kwa `apt search kvantum`, kwa kuwa jina lake limebadilika kati ya matoleo. Ni nzuri, ila anza na Fusion kwanza.

*Uko KDE Plasma.* Kazi yako ni ndogo. Hakikisha `breeze-gtk-theme` na `kde-config-gtk-style` zipo (kwenye Fedora na Arch ya kwanza inaitwa `breeze-gtk`), kisha ndani ya System Settings nenda Application Style, ufungue sehemu ya kupanga sura ya programu za GNOME/GTK, chagua Breeze. Usiguse `QT_QPA_PLATFORMTHEME` kwenye Plasma. Plasma ina mpangilio wake, na ukiuweka huu wa qt5ct utaharibu hata kilichokuwa kizuri.

*Uko XFCE, Cinnamon au MATE.* Hizi zote ni GTK3. Mandhari ya GTK3 iliyokuja na distro yako ndiyo salama. Kwa Qt fuata maelezo ya qt5ct hapo juu. Kama faili la `environment.d` halisomwi, weka mstari wa `export QT_QPA_PLATFORMTHEME=qt5ct` ndani ya `~/.profile`. Walio LXQt wao wako upande wa Qt tayari. Mradi huo ulitoka kwa watu wa LXDE waliohama GTK2.

7. Flatpak. Programu ya Flatpak inaishi ndani ya uzio, haioni `/usr/share/themes` yako. Mandhari lazima iwe na nakala yake huko ndani:

`flatpak install flathub org.gtk.Gtk3theme.adw-gtk3 org.gtk.Gtk3theme.adw-gtk3-dark`

Kwa Plasma ni `org.gtk.Gtk3theme.Breeze`. Mara nyingi `flatpak update` huleta mandhari inayolingana na uliyowasha bila kuombwa, kwa hiyo ijaribu hiyo kwanza.

Kuhusu bando: programu moja ya GNOME na moja ya KDE zikija kwa Flatpak, kila moja huja na jukwaa lake zima, mamia ya megabaiti kwa kila familia, na matoleo mawili ya jukwaa moja huhesabiwa mara mbili. Mgawanyiko huu wa tulkiti watu wa Ulaya huujadili kama suala la uzuri. Anayetumia intaneti ya simu anaulipia. Kama programu ipo kwenye `apt` na toleo lake linakutosha, ichukue huko.

8. Aikoni, kishale, fonti. Chagua seti moja ya aikoni yenye picha nyingi, mfano Papirus, Adwaita au Breeze, uitaje kila mahali: kwenye GNOME, qt5ct na qt6ct. Kishale kisakinishe ndani ya `/usr/share/icons` badala ya `~/.icons`, kwa sababu hiyo ya pili Flatpak haiioni. Kisha:

`gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-theme 'Adwaita'`
`gsettings set org.gnome.desktop.interface cursor-size 24`

Fonti iwe moja na ukubwa mmoja. Linaonekana dogo, lakini macho hutambua tofauti ya fonti kabla ya tofauti ya vitufe.

Makosa ninayoyaona kila mara

*Kuweka `GTK_THEME` kwenye `/etc/environment`.* Kigeu hiki ni cha majaribio ya watengenezaji. Hulazimisha mandhari hata kwa libadwaita ambayo haikuandaliwa kuipokea. Nilifanya hivi mwenyewe siku moja. Kihariri maandishi kikanionyesha maandishi meusi juu ya nyeusi, na faili la kurekebisha ndilo hilohilo nililohitaji kulisoma. Nililifungua kwa `nano` ndani ya terminali.

*Kusakinisha GNOME na KDE kwa mtumiaji mmoja.* Fahali wawili hawakai zizi moja. Kila moja hubadilisha mipangilio ileile ya sura bila kumwuliza mwenzake, na Plasma huacha faili zake ndani ya `~/.config/gtk-3.0` na `gtk-4.0`. Ukitaka kuonja zote, tengeneza mtumiaji wa pili.

*Kupakua "Global Theme" za KDE ovyo.* Hizi si rangi tu, huweza kubeba msimbo unaotekelezwa. Machi 2024 moja wapo ilifuta data ya mtumiaji, na KDE wenyewe wakatoa onyo. Rangi na aikoni hazina shida hiyo. Kwa mandhari kamili, chukua zile zilizokuja na Plasma.

*Kubandika folda ya `gtk-4.0` ya mandhari ndani ya `~/.config/gtk-4.0`.* Hii ndiyo njia ya mkato ya kuilazimisha libadwaita, na inafanya kazi, hadi toleo jipya litakapobadilisha majina ndani yake. Ukifanya hivyo, ukubali kwamba kila kitakachovunjika ni chako. Usimpelekee mtengenezaji wa programu malalamiko kabla hujaitoa folda hiyo na kujaribu upya.

Bado imegoma?

*Qt haijabadilika kabisa.* Andika `echo $QT_QPA_PLATFORMTHEME`. Jibu likiwa tupu, hukutoka kwenye akaunti na kuingia upya. Kufunga dirisha la terminali hakutoshi. Likiwa sawa na programu ni ya Flatpak, qt5ct yako haiifikii ndani ya uzio. Tegemea swichi ya hatua ya 5.

*Rangi za ajabu kwenye programu za GNOME baada ya kutoka KDE.* Plasma iliacha `gtk.css` na `colors.css` nyuma. Hamisha kilichomo ndani ya `~/.config/gtk-3.0` na `~/.config/gtk-4.0` ukiweke pembeni, kisha ingia upya.

*GParted au Synaptic ni za kizamani kabisa kwa sura.* Hizi huendeshwa na root (mtumiaji mkuu wa mfumo), naye haoni mandhari iliyo ndani ya folda yako ya nyumbani. Isakinishe ndani ya `/usr/share/themes`.

*Firefox inafungua dirisha la faili la familia nyingine.* Andika `about:config` kwenye anwani, tafuta `widget.use-xdg-desktop-portal.file-picker`, weka 1.

*Chrome au Chromium haifuati.* Ndani ya mipangilio yake, sehemu ya Appearance, kuna kitufe cha GTK na cha Qt. Bonyeza kinachofanana na nyumba yako.

*LibreOffice ina sura ya Windows 95.* Inakosa kifurushi cha kuiunganisha na eneokazi. Kwa GNOME na ndugu zake: `sudo apt install libreoffice-gtk3`. Kwa Plasma tafuta chenye `kf5` au `kf6` kwenye jina lake.

*Kila kitu kimeharibika na hukumbuki ulichogusa.* Kwenye GNOME, `gsettings reset-recursively org.gnome.desktop.interface` hurudisha mipangilio ya mwanzo. Futa `~/.config/environment.d/qt.conf`, ondoa folda mbili za gtk, ingia upya. Kisha anza tena kutoka hatua ya 5, ukibadilisha kitu kimoja kwa wakati.

Kama umefika mwisho na bado unataka msaada, nitumie jibu la hatua ya 1, jibu la hatua ya 2 na picha ya skrini. Bila hayo matatu nitakuuliza hayohayo.